Kabla ya kuhesabu sampuli, jiulize nani hayumo

Madodoso yote 375 yalikuwa yamejazwa. Nikampelekea msimamizi wangu rasimu nikiwa na furaha tele. Alisoma ukurasa mmoja, akauliza: "Na wasiofika kliniki kabisa, umewahoji wapi?"

Utafiti wangu wa uzamili ulihusu sababu za wajawazito kuchelewa kuanza kliniki, nami niliwahoji palepale kliniki, wakiwa kwenye mabenchi. Idadi niliipata kwa kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, tunayoipenda sana vyuoni: watu 6,000, kosa linaloruhusiwa la asilimia 5, jibu 375. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila kanuni hiyo inachukulia kuwa kila mmoja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, na mama ambaye hakukanyaga kliniki hakuwa na nafasi yoyote.

Wingi hauzibi pengo hilo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya maoni ya watu zaidi ya milioni 2, mengi kupitia orodha za wenye simu na magari, likatabiri kuwa Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48.

Nilianza upya. Pamoja na wenyeviti wa mitaa na wahudumu wa afya wa jamii, tuliorodhesha kaya zenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Nikachagua kwa bahati nasibu kaya ya kuanzia, kisha nikachukua kila ya nane. Kishawishi kipo hapa: mlango umefungwa, jua linawaka, na jirani mwenye mtoto mgongoni anakukaribisha. Tafadhali, usimchukue jirani. Anayeshinda shambani haishi kama anayeshinda nyumbani, na huenda tofauti hiyo ndiyo sababu unayoitafuta. Rudi jioni. Rudi Jumapili.

Swali langu nalo lilikuwa na kasoro. "Ulianza kliniki mapema?" Wengi walisema ndiyo, kwa mmoja mapema ni mwezi wa pili, kwa mwingine wa sita. Nikaanza kuomba kadi ya kliniki na kunakili umri wa mimba siku ya hudhurio la kwanza, ndipo nikaweza kulinganisha na wiki 12 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Asiye na kadi nilimuuliza kwa majira: kabla ya mfungo au baada yake? Mpunga ulishavunwa?

Kama nauli haitoshi kufika majumbani, punguza mada. Andika wazi kwamba umechunguza "wajawazito wanaohudhuria kliniki", na hitimisho lako liwahusu hao tu.