Kobe wa Kisimani na Msimamizi wa Ghala

SWALI: Ninasimamia vibarua wa ghala la korosho hapa Newala. Kijana mdogo kuliko wote alishauri magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, yasivute unyevu; wazee wakamkemea, nami nikanyamaza. Je, nilikosea?

JIBU: Ndiyo, ndugu yangu, ulikosea. Kumbuka ngano ya kisima: wanyama wakubwa walishindwa kumnasa Sungura aliyekuwa akiwaibia maji, hadi Kobe alipojitolea, akapakwa ulimbo mgongoni na kujilaza majini kimya kama jiwe, Sungura akamkanyaga, akanata. Ninayemheshimu zaidi humo ni Simba, ambaye angeweza kumdharau Kobe lakini akamwachia zamu. Kesho asubuhi, mbele ya wazee hao, mwombe kijana apange safu moja, nawe ushike gunia la kwanza.