Rejesho sasa tunajilipa wenyewe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: familia ikishamaliza kulipa madeni yake yote, iendelee kubana matumizi, na kama ndiyo, hadi lini? Jibu langu ni ndiyo, iendelee, ila isibane kwa namna ile ile iliyobana wakati inadaiwa. Naieleza tofauti hiyo kwa kirefu kwa sababu naona familia nyingi zikiingia katika njia mbili, na zote mbili zinaumiza. Wapo wanaofungua mikono mara tu deni linapokwisha, na baada ya muda wanapanga tena foleni kwa mkopeshaji. Wapo na wengine wanaoendelea kujinyima kwa woga ule ule wa zamani, hadi nyumba inakosa raha ilhali hakuna anayewadai.

Sisi ni mke na mume wenye watoto, na kipato chetu ni cha kawaida. Mkopo wetu ulikuwa wa marejesho ya kila mwezi, nao ulikula karibu robo ya kipato chote hadi tulipoumaliza.

La kwanza nalipitia haraka. Msiseme deni limekwisha hadi karatasi zimesema hivyo. Ombeni barua ya kuthibitisha kwamba mkopo wote umelipwa, chukueni hati mliyoweka dhamana, hakikisheni makato ya moja kwa moja kwenye mshahara au akaunti yamesimamishwa, kisha waambieni wadhamini wenu kwamba wako huru. Mdhamini amebeba wasiwasi wenu muda wote huo, na ana haki ya kuisikia habari hiyo kutoka vinywani mwenu.

Sasa tuje kwenye lile rejesho. Mwezi unaofuata fedha hiyo itabaki mkononi, na isipopewa kazi itajitafutia yenyewe. Itatoka kidogo kidogo, kwa vitu ambavyo kila kimoja kina sababu yake nzuri, na mwisho wa mwaka hakuna atakayeweza kueleza ilikwenda wapi. Ndiyo maana mimi na mume wangu tuliamua kazi yake wakati marejesho ya mwisho yalikuwa bado hayajalipwa.

Kuamua mapema kuna nguvu ambayo wachumi wameipima. Richard Thaler, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, pamoja na mwenzake Shlomo Benartzi, walibuni mpango ambao wafanyakazi walikubali kabla ya wakati kwamba kila mshahara ukipanda, akiba yao ya uzeeni nayo ipande. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, wafanyakazi waliojiunga katika kampuni ya kwanza kuujaribu mpango huo walitoka kwenye kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6 kwa muda wa miezi 40. Hakuna aliyenyang'anywa fedha aliyokwisha kuizoea. Familia inayomaliza deni imesimama mahali hapo hapo: rejesho lake ni nyongeza ya mshahara ambayo nyumba haijaionja. Kwetu linatoka tarehe ile ile na kwa kiasi kile kile, isipokuwa sasa linaingia kwenye akaunti yenye majina yetu wawili.

Lakini halikuingia lote tangu mwanzo, na hapa ndipo penye jambo ninalotaka wasomaji walizingatie kuliko mengine yote.

Wakati mnalipa deni, kuna vitu mlivikata. Vingine vilikuwa anasa tu, na kuvikosa hakukumdhuru mtu. Vingine vilikuwa mahitaji ya kweli mliyoyasogeza mbele: jino lililouma, mkahamia kutafuna upande wa pili, miwani isiyolingana tena na macho, paa linalovuja likawekewa ndoo, vipimo vya afya vilivyoahirishwa kwa sababu aliyepaswa kupimwa alisema anajisikia nafuu. Yote hayo ni deni, tena linazaa riba. Jino ambalo lingezibwa litakuja kung'olewa. Maji yanayopenya leo yataozesha mbao, na mbao zikioza hamtengenezi tena tundu, mnaezeka upya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyumba iliyobana kwa miaka imejaa nyufa ambazo kila mtu amezoea kupita kando yake.

Kwa hiyo kabla ya kujaza akiba, kaeni wote muulizane: nani amekuwa akivumilia nini? Waulizeni na watoto, maana wao huvumilia bila kusema wakijua wazazi wana mzigo. Andikeni orodha. Sisi tulianza na ya mwili, yaani meno, macho na vipimo. Tukafuata yanayolinda mali tuliyonayo, kama paa na nyaya za umeme. Kisha yakaja yale yanayovuja fedha kimyakimya: bomba linalodondosha maji usiku kucha, jokofu ambalo mlango wake haufungi sawasawa na kuongeza bili ya umeme. Mengine yote yalingoja zamu. Mtu wa nje angetuona tunatumia fedha akadhani tumelegeza mkanda. Mimi naita kubana matumizi kwa maana yake kamili, kwa sababu kila kilichorekebishwa mapema kilituondolea gharama kubwa zaidi iliyokuwa njiani. Hata namna ya kununua ilibadilika. Anayedaiwa hununua cha bei ya chini kwa sababu hana njia nyingine. Asiyedaiwa anaweza kungoja mwezi mmoja zaidi, akanunua kitakachodumu.

Orodha ilipokwisha, rejesho lote likahamia kwenye akiba ya dharura. Hesabu yake ni rahisi, na ingefaa kila nyumba iifanye. Ukiishi kwa asilimia 90 ya kipato na kuweka 10, unahitaji miezi tisa ya kazi ili kununua mwezi mmoja wa kuishi bila kipato. Ukiishi kwa asilimia 75 na kuweka 25, miezi mitatu inatosha kununua mwezi huo mmoja. Sababu ni kwamba kubana kunafanya kazi mara mbili: kunaongeza unachoweka na papo hapo kunapunguza unachohitaji. Familia iliyokuwa ikilipa robo ya kipato kwenye deni tayari inajua kuishi kwa robo tatu zilizobaki. Ikiendelea hivyo, baada ya miezi 18 ina akiba ya miezi sita, bila kuongezewa chochote na mwajiri.

Mume wangu alilalamika kwamba fedha hiyo inalala, na mfumuko wa bei unaila. Ni kweli, inaliwa. Lakini ipo kanuni ya zamani, ambayo mtawa na mwanahisabati wa Italia Luca Pacioli aliiandika tangu mwaka 1494: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, utapata takriban muda ambao fedha itakuwa mara mbili. Akiba inayopata asilimia 6 kwa mwaka itachukua miaka 12. Mkopo wa asilimia 24 kwa mwaka usiolipwa utachukua miaka mitatu tu, na ule wa haraka wa asilimia 6 kwa mwezi utafika hapo kwa miezi 12. Deni linakimbia kuliko akiba. Kazi ya akiba ya dharura basi ni kuhakikisha kwamba ugonjwa au kupoteza kazi hakuturudishi kwenye mkopo wa namna hiyo, na kwa kazi hiyo kidogo kinachopotea kwa mfumuko wa bei ni bei halali.

Kuna gharama nyingine ambazo watu huziita dharura na wala si dharura. Ada za shule, bima, leseni na sherehe zinajulikana tangu mwanzo wa mwaka. Jumlisheni, gawanyeni kwa 12, na kila mwezi mtenge fungu lake.

Ugumu ulikuja mahali ambapo sikupategemea. Deni linapokuwepo, lenyewe ndilo linalokataa kwa niaba yenu. Mtoto akiomba kitu, "hatuna" inatosha, na mume na mke hawana la kubishania. Deni likiondoka, mnabaki ninyi wenyewe mkikatazana, na fedha mnaiona iko. Tumejifunza kuwaambia watoto ukweli: tunayo, lakini ina kazi nyingine, na kazi yenyewe ni hii. Jibu hilo ni refu na linaleta maswali, lakini mtoto anayelisikia anajua kwamba nyumba yake ina mpango, wala haogopi kwamba imeishiwa. Kati yetu wawili, kila mmoja ana kiasi kidogo cha mwezi ambacho haulizwi amekifanyia nini. Nawasihi wanandoa wenzangu wasiliache hili hata kama kiasi ni kidogo sana. Mtu mzima anayetoa maelezo kwa kila senti huchoka, na akichoka huanza kuficha.

Tena habari ya kumaliza deni husambaa. Ndugu watakuja na shida za kweli, na sisi hatukumaliza deni ili tuwape kisogo waliotushika mkono. Tumetenga fungu la kusaidia, na linapokwisha tunasema wazi kwamba kwa mwezi huu limekwisha. Tunachotoa tunakitoa moja kwa moja. Hatukopeshi fedha ambayo isiporudi itatuumiza. Kuhusu kudhamini tumekuwa wagumu zaidi. Mdhamini ni mkopaji wa pili, na mkopaji wa kwanza akishindwa, mkopeshaji atakuja kwake. Kwa hiyo hatuweki sahihi kwenye mkopo unaozidi kiasi ambacho tungeweza kukilipa kutoka mfukoni mwetu, na aombaye tunamweleza sababu kwa upole. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi matanga hayo tumeyapitia, na hatutaki kuyalipa kwa ajili ya harusi ya mwingine.

Mmeuliza pia hadi lini. Kubana kusikokuwa na kikomo ndiko kunakowafanya watu waasi, kwa hiyo sisi tumekiandika kikomo chetu. Akiba ikifika matumizi ya miezi sita, rejesho litagawanywa. Nusu itakwenda kwenye uwekezaji ambao mume wangu amekuwa akiusubiri kwa subira kubwa. Robo itakuwa ya uzee wetu, ili tusije tukawa mzigo kwa watoto hawa hawa waliobana pamoja nasi. Robo iliyobaki ni ya raha ya nyumba, na watoto wameomba wawe na kura katika kuamua itumikeje. Tumewakubalia.