Mwanangu, mwombe rezidenti akutazame

Ligula, Mtwara

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza utajifunzaje kwa rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, aliyeelemewa na wodi ya watoto, ambaye ukimuuliza jambo anakujibu huku anatembea.

Usimwombe akufundishe, mwombe akutazame. Naye ni mwanafunzi, na maswali ya daktari bingwa kwenye raundi ya kupitia wagonjwa yanaanza kwake. Wahi asubuhi, wapitie wagonjwa wawili tu lakini wapitie hasa: joto, mapigo, pumzi, majibu ya maabara yaliyotoka usiku. Ukishampunguzia kazi hiyo, mwambie, "Daktari, nitazame dakika moja nikimhesabia mtoto huyu pumzi."

Dakika hiyo ina mengi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mama ampandishe nguo mpaka kifua na tumbo vionekane, na saa uishike karibu na kifua ili jicho lisihamehame. Hesabu sekunde 60 kamili. Wapo wanaohesabu 15 kisha wakazidisha kwa nne. Ukikosea pumzi mbili, umekosea nane, na mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Wa miezi 2 hadi 11, kuanzia pumzi 50 anapumua haraka. Wa mwaka mmoja mpaka kabla hajatimiza mitano, kuanzia 40. Nane hizo zinatosha kumrudisha nyumbani kwao Nanyamba, bila matibabu, mtoto mwenye nimonia. Kisha tazama chini ya mbavu: anapovuta pumzi, panabonyea? Rezidenti amelizoea hilo, analiona akiwa mlangoni. Akuonyeshe kwa kidole.

Ukimweleza mgonjwa, taja umri, kilichomleta na tangu lini, ulichokikuta, halafu useme unadhani ni nini. Hapo mwisho ndipo wengi wananyamaza, na hapo ndipo angekusahihisha.

Mtoto wa degedege, sukari na malaria vipimwe papo hapo. Muulize mama, kwa upole, alipewa dawa gani nyumbani kabla ya kuja. Huku kwetu mama akiona anasutwa hatakwambia, na dawa ile inaweza kuwa na madhara yake.

Chupa ya damu iandike jina palepale kitandani, ukishachota tu. Ukiipeleka mezani kwanza, zitachanganyika.

Na akikuachia sindano ya kuchota maji ya uti wa mgongo nawe hujawahi kuichoma, mwambie wazi: "Sijawahi, daktari, naomba usimame hapa." Akisema ana haraka, ngoja amalize.

Niandikie watakupeleka wodi gani baada ya watoto.

Mama yako