Maswali ya Wasomaji: Ndege Mbili Zinapofuatana Kwenda Kutua

SWALI: Ndugu Mhariri, nilikuwa nasafiri kutoka Dar es Salaam kurudi Unguja. Magurudumu yalikwisha kushushwa na mapaa ya nyumba tunayaona, mara injini zikanguruma na ndege ikarudi juu. Baadaye rubani alitangaza kwamba mbele yetu kulikuwa na ndege ambayo ilikuwa haijatoka kwenye njia ya kutulia. Mama aliyekaa jirani yangu alimaliza safari akivuta uradi. Je, tulinusurika kugongana? Na kwa nini mwongoza ndege aliziacha ndege mbili zikaribiane kiasi hicho?
Msomaji, Unguja

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako, ajali haikuwa imewakaribia. Kilichofanyika ni utaratibu wa kawaida wa kupaa upya, ambao marubani huupanga kabla ya kila kutua. Rubani huongeza nguvu za injini, huinua pua ya ndege, hukunja magurudumu akishahakikisha kwamba ndege inapanda, kisha hufuata njia iliyokwisha kuchorwa kwenye ramani yake au maelekezo anayopewa na mnara. Abiria hutishika kwa sababu kishindo hicho huwakuta wakati injini zimetulia na wao wameanza kutafuta viatu.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito. Ndege zinazoonekana kwenye rada karibu na uwanja kwa kawaida hutenganishwa kwa maili 3 za baharini, yaani takriban kilomita 5 na nusu, au kwa futi 1,000 za kimo. Umbali huo ni mkubwa kwa mtu aliye chini, lakini ndege ya jeti inayokwenda kutua kwa mwendo wa maili 140 za baharini kwa saa huumaliza kwa sekunde 77 hivi. Ndani ya muda huo ndege iliyotangulia inatakiwa iguse ardhi, ipunguze mwendo na itoke njiani. Ikikosa njia ya kwanza ya kutokea na kulazimika kwenda hadi ya pili, hesabu yote imeharibika, na hapo hakuna aliyefanya uzembe.

Ugumu huongezeka pale ndege za mwendo tofauti zinapotumia njia moja, jambo ambalo nyinyi wa Unguja mnalishuhudia kila siku. Chukua ndege ndogo ya injini moja iliyo maili 10 kutoka uwanjani ikienda maili 100 kwa saa, na nyuma yake, kwa umbali wa maili 5, iwepo jeti inayokwenda maili 140. Ndege ndogo itafika baada ya dakika 6. Katika dakika hizo jeti itakuwa imekwenda maili 14, kwa hiyo pengo la maili 5 litakuwa limebaki maili 1. Mwongoza ndege anapaswa kuliona hilo mapema, ampunguze mwendo rubani wa jeti, amzungushe, au ampe nafasi atangulie. Kumtanguliza nako kuna gharama yake, kwani mbawa za ndege kubwa huacha nyuma mizunguko ya hewa inayoweza kuipindua ndege ndogo, na ndiyo maana ndege nyepesi inayoifuata jeti ya ukubwa wa Boeing 737 huachiwa maili 5. Mimi binafsi huiamini zaidi kampuni ambayo marubani wake hupaa upya bila kuona haya kuliko ile inayojisifu kwamba haijawahi kufanya hivyo.

Ukitaka kujua kunusurika hasa ni kupi, tazama tukio la Austin, Texas, la tarehe 4 Februari 2023. Ukungu ulikuwa mzito. Ndege ya mizigo ya FedEx ilikwisha kuruhusiwa kutua, kisha mnara ukairuhusu ndege ya abiria ya Southwest ipae kutoka njia hiyo hiyo. Mwongoza ndege hakuweza kuiona njia kwa macho, na uwanja haukuwa na rada ya ardhini. Marubani wa FedEx ndio walioitambua ndege iliyokuwa chini yao wakapaa upya, na pengo kati ya ndege hizo, zilizobeba watu 131, halikufika futi 200.

SWALI: Nimesoma kwamba ndege za kisasa zina kifaa kinachowaonya marubani kuhusu ndege nyingine. Ilikuwaje basi ajali ya Washington ya Januari 2025, ya ndege na helikopta, ikatokea?
Mwalimu, Arusha

JIBU: Mwalimu, kifaa hicho kipo, na msukumo wa kukilazimisha ulitokana na ajali za aina hii hii. Mwaka 1978 Boeing 727 iliyokuwa ikikaribia kutua San Diego iligongana na Cessna ndogo, wakafa watu 144. Mwaka 1986 jeti ya abiria aina ya DC-9 iliyokuwa ikishuka kwenda Los Angeles iligongana na ndege ndogo ya Piper juu ya mji wa Cerritos, wakafa 82.

Kifaa husikiliza mawimbi ya ndege za jirani, hutoa onyo, na hatari ikizidi humwamuru rubani apande au ashuke. Baada ya ndege mbili kugongana juu ya Überlingen, Ujerumani, mwaka 2002, ambapo rubani mmoja alimtii mwongoza ndege na mwingine akakitii kifaa, ilisisitizwa kimataifa kwamba amri ya kifaa ndiyo ya kufuatwa.

Lakini chini ya takriban futi 1,000 kifaa huacha kutoa amri, kwa sababu kumwambia rubani ashuke akiwa karibu na ardhi ni kumpeleka kwenye ajali nyingine. Tarehe 29 Januari 2025, ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia uwanja wa Reagan, Washington, na helikopta ya jeshi zilikutana kwenye kimo cha futi 300 hivi. Marubani wa ndege walipata onyo sekunde 20 kabla, bila amri yoyote. Helikopta ilikwisha kuuambia mnara kwamba inaiona ndege na kwamba itajitenga nayo kwa macho. Ilikuwa usiku, juu ya mji uliojaa taa. Walikufa watu 67.

SWALI: Je, ajali ya Wilson, Nairobi, mwaka 2024 ni ya aina hiyo?
Msomaji, Kajiado

JIBU: Si hasa. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa na watu 44 ilikuwa imetoka tu kupaa ikielekea Diani, iligongana na Cessna ya mafunzo, na watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna wakafa. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Ajali hizo zinafanana kwa mahali: anga la chini linalozunguka uwanja, ambako mwanafunzi anayejifunza kutua na rubani mwenye ratiba ya abiria hukutana chini ya mnara mmoja.