Gari la zamani likinuka petroli, angalia mipira kwanza

Gari lako likiwa la miaka ya 1960 au 1970, na kila ukifungua boneti unakutana na harufu ya petroli, usiishie kukaza klipu. Mara nyingi klipu haina kosa. Mpira wa njia ya mafuta ndio umekwisha, yaani paipu, sili na diaframu, na petroli yenye ethanoli (aina ya pombe) humaliza mipira ya zamani upesi.

Mipira ile ilitengenezwa kwa petroli tupu. Ethanoli ikiingia, mpira hufura na kulainika. Gari likikaa bila kuwashwa, mpira hukauka, husinyaa na kupasuka. Ndiyo maana gari lililolala miezi mingi huvuja siku ile ile linapotiwa mafuta.

Nilifungua pampu ya mafuta ya Peugeot 504 ya jirani yangu hapa Tudor, Mombasa. Diaframu, kile kiwambo cha mpira kinachosukuma petroli, ilikuwa imefura pembeni mpaka matundu ya skrubu yamehama, na nilipoikunja kidogo kwa vidole ikatoa nyufa kama tope lililokauka. Petroli ilishaanza kupenya kwenda kwenye oili ya injini. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko harufu, kwa sababu oili ikishakuwa nyepesi, beringi huliwa kimya kimya. Vuta dipstiki uinuse. Ikinuka petroli, gari lisitoke hapo.

Sisi wa pwani tuna shida ya ziada. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa haina msimu wa kukauka. Maji yakizidi, hujitenga pamoja na ethanoli na kukaa chini ya tangi, pale pale petroli inapovutwa. Gari ambalo halitembei sana libaki na tangi lililojaa, hewa isipate nafasi.

Je, unayonunua ina ethanoli? Kenya ilichanganya ethanoli ya Muhoroni kwenye petroli miaka ya 1980, na Uingereza iliifanya E10, petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021. Usikisie, pima. Chukua chupa nyembamba ya kioo yenye alama, tia maji mililita 10 na petroli mililita 90, ziba, tikisa, uiache itulie mbali na moto. Maji yakibaki kwenye 10, petroli ni tupu. Yakipanda kukaribia 19, ethanoli ni kama asilimia 10.

Ukienda kununua spea utaambiwa, "Mpira ni mpira tu, bwana." Si kweli. Paipu soma maandishi ubavuni: tafuta SAE J30 R9, alama ya paipu inayostahimili ethanoli. Oringi (pete za mpira) na ncha ya sindano ya kabureta ulizia Viton, mpira wa sintetiki unaostahimili petroli na ethanoli, na usidanganyike na rangi, maana Viton ipo ya kahawia, ya kijani na nyeusi pia. Badilisha yote kwa pamoja, hata kipande kifupi cha paipu kati ya tangi na bomba la chuma, na sili ya geji ya tangi. Hivyo viwili mafundi wengi huvisahau kwa kuwa havionekani mpaka uingie uvunguni.

Jambo jingine nawasihi mafundi wetu: msipake silikoni kwenye gasketi ya kabureta. Petroli huilainisha ikamomonyoka, vipande vikaziba jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli, na mwenye gari akazimikiwa katikati ya foleni ya Makupa bila kujua kwa nini. Gasketi mpya ya karatasi inatosha.

Kazi ikiisha, washa injini na upitishe tishu kavu kwenye kila kiungo. Palipolowa, fungua upya, hasa paipu inayopita karibu na eksozi. Rudia baada ya wiki moja, kwani mpira mpya hutulia mahali pake na klipu hulegea. Filta nayo ibadilishwe mapema, maana ethanoli huosha uchafu wa miaka yote tangini. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na kiti cha dereva, si kwenye buti.