Tumtii Mungu "haraka haraka", "mara moja" au "kwa bidii"?

SWALI: Katika jumuiya yetu tunaandaa somo juu ya kumtii Mungu bila kuchelewa na kwa moyo wote. Niliandika "tumtii Mungu haraka haraka". Mzee mmoja wa kanisa alikataa, akasema haraka haraka haina baraka, niandike "mara moja". Mwingine akapendekeza "kwa bidii". Ni lipi sahihi?

JIBU: Mzee wenu alishtuka kwa haki, ila methali yake haina ugomvi na neno "haraka" lenyewe. Inachokemea ni "haraka haraka", na kule kurudia ndiko kunakoleta shida. Aliyefanya jambo kwa haraka hakuchelewa. Aliyelifanya haraka haraka tunamshuku kwamba amelipua kazi. Ukimwambia mtu amtii Mungu haraka haraka, unaweza kusikika kana kwamba unamtaka amalize upesi aendelee na mambo yake.

Likisimama peke yake, neno hilo halina doa. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inalitumia bila wasiwasi. Zaburi 119:60 inasema: "Nalifanya haraka wala sikukawia, kuyatii maagizo yako." Katika Luka 1:39, Mariamu anakwenda nchi ya milimani "kwa haraka". Tazama jinsi mtunga zaburi alivyoiweka haraka dhidi ya kukawia. Hakuiweka dhidi ya utulivu, na hapo ndipo waumini wengi wanapojichanganya: wanadhani asiyekawia lazima awe na papara. Katika Mwanzo 22 Ibrahimu aliondoka asubuhi, akatandika punda wake na kupasua kuni, kisha akasafiri hata siku ya tatu. Hakukimbia hata hatua moja, wala hakukawia.

"Mara moja" aliyoitaka mzee ina mtego wake. Ukiandikiwa "meza dawa hii mara moja", utauliza: sasa hivi, au mara moja tu? Maneno hayo yana maana zote mbili, na kwenye somo la utii maana ya pili inaharibu kila kitu, kwa kuwa hakuna anayetaka Mungu atiiwe mara moja kisha basi. Msomaji atakuelewa kutokana na muktadha, lakini kwa nini umwachie kazi hiyo? Marko 1:18 inatumia "mara" pekee, tena mwanzoni mwa sentensi: "Mara wakaziacha nyavu zao, wakamfuata." Neno likikaa hapo halina utata. Nawe unaweza kuandika "mara tu tunapolisikia neno lake, tulitii", au "tumtii Mungu papo hapo". Mimi nalipenda sana pia "hima", kwa sababu lina wepesi na moyo wa kutaka kwa pamoja, ingawa siku hizi wengi wanalijua zaidi kupitia kitenzi "kuhimiza".

Sasa "kwa bidii". Ni neno zuri, ila linajibu swali jingine. Haraka, mara na hima hueleza unaanza lini. Bidii hueleza unakaza kiasi gani ukishaanza. Mtu anaweza kukawia mwaka mzima kisha akatumika kwa bidii, na mwingine akaitika siku ileile halafu akalegea. Warumi 12:11 inaliweka vizuri: "kwa bidii, si walegevu". Kinyume chake ni ulegevu, wala si kuchelewa. Somo lenu linataka mambo yote mawili, basi msilazimishe neno moja libebe yote. Ningeandika: "Tumtii Mungu bila kukawia, tena kwa bidii." (Na ni "kumtii Mungu", si "kutii kwa Mungu" kama nionavyo kwenye matangazo fulani ya mikutano.)

Mkigusa "juhudi", kuweni waangalifu kidogo. Katika mazungumzo ya leo neno hili limeelemea upande wa kazi na jitihada, na mara nyingi huchukua upatanisho wa wingi: "juhudi zake zimezaa matunda". Katika Warumi 10:2 lina maana ya moto wa ndani, na moto huo unaweza kupotea njia: "wana juhudi kwa ajili ya Mungu, lakini si katika maarifa". Mstari huo ungefaa sana somo lenu, maana unaonyesha kwamba ukali wa moyo peke yake hautoshi.

Limebaki "wivu", ambalo huenda mkakutana nalo mkifungua Yohana 2:17: "Wivu wa nyumba yako utanila." Kijana atakayesoma mbele ya watu atalisikia kama kijicho cha jirani kwa jirani. Hapa ni upendo mkali usiovumilia kitu cha Mungu kuchezewa, na ndivyo Eliya anavyolitumia katika 1 Wafalme 19:10 anaposema ameona wivu mwingi kwa ajili ya BWANA. Msilibadilishe mkisoma. Lielezeni kwa sentensi moja kabla ya kusoma, kisha kwa maneno yenu wenyewe tumieni "ari".