Tukosoe kwa kuangalia kazi yenyewe

Mmetuuliza wiki hii kama jamii inazitendea haki kampuni changa zenye malengo makubwa inapozikosoa. Kukosoa ni wajibu wetu, hasa pale fedha za umma zinapohusika, lakini hoja nyingi zinazotolewa hazisimami. Mfano mzuri ni Zipline, kampuni ya Marekani iliyoanza kusambaza damu kwa droni nchini Rwanda mwezi Oktoba 2016.

Mwishoni mwa 2018, mkataba wa kampuni hiyo ulipojadiliwa Ghana, wapinzani walisema kwamba nchi yenye uhaba wa magari ya wagonjwa haina sababu ya kurusha droni. Hoja hiyo inachukulia kwamba fedha zisizotumika kwenye droni zitakwenda zenyewe kwenye magari, jambo linalohitaji kuthibitishwa. Tena inachanganya kazi mbili: gari humfikisha mgonjwa hospitalini, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua akishafikishwa huko bado anahitaji damu ya kundi lake.

Hapo ndipo wakosoaji wengi hawakutazama. Hospitali iliyo mbali na benki ya damu hulazimika ama kutuma dereva kila dharura inapotokea, ama kujiwekea akiba, na damu ya makundi adimu huisha muda wake ikiwa ndani ya jokofu. Damu ikihifadhiwa kwenye kituo kimoja kama kile cha Zipline huko Muhanga, Rwanda, kisha ikadondoshwa kwa parachuti pale inapoagizwa, akiba hiyo haihitajiki tena kwa wingi ule. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu hospitali za Rwanda ulionyesha kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Waliobishana juu ya kasi ya droni peke yake hawakuligusa jambo hili.

Wengine hutaja Theranos, kampuni changa ya Marekani iliyodanganya kuhusu vipimo vyake vya damu hadi ikavunjwa mwaka 2018, kana kwamba uongo wa mmoja ni ushahidi dhidi ya wote. Theranos ilificha mitambo yake; kifurushi kinachodondoka kwenye uwanja wa hospitali, muuguzi anakiona na kukisainia.

Ukosoaji ninaouhitaji mimi kama mlipa kodi ni mwingine: kila safari inagharimu kiasi gani ikilinganishwa na pikipiki kwenye njia ileile, na nani atalipa wafadhili wakijitoa? Maswali hayo yalistahili kuulizwa kwa sauti kubwa zaidi, na majibu yake kuwekwa wazi kabla mkataba haujasainiwa.